Mtathmini hajawahi kufika kazini kwako: hotuba kuhusu tathmini ya ujuzi kwa viza za Australia

Ndugu zangu, hamjambo. Asanteni kwa kufika, mliotoka zamu hospitalini, karakana, shuleni na maofisini. Nimeombwa nizungumzie tathmini ya ujuzi kwa wanaotafuta viza za Australia zinazotolewa kwa watu wenye taaluma na ufundi, na nimeombwa nisipambe maneno. Basi twende kwenye jambo lenyewe.

Wengi wenu mnaifahamu njia ya Canada. Kule unapeleka vyeti WES au kwa taasisi nyingine ya aina hiyo, unaambiwa shahada yako inalingana na ipi ya Canada, na hatua hiyo imekwisha. Australia haiishii hapo. Inataka kujua kama ulichosoma na kazi uliyofanya, vikiwekwa pamoja, vinakufanya uwe mhandisi, muuguzi, mwalimu au fundi umeme kwa kipimo cha kwao. Na anayejibu swali hilo si anayetoa viza. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Australia imeziachia kazi hiyo taasisi za fani mbalimbali. Wahandisi huenda Engineers Australia. Wauguzi na wakunga, ANMAC. Walimu wa msingi na sekondari, AITSL. Watu wa TEHAMA, ACS. Wahasibu wana tatu za kuchagua: CPA Australia, CA ANZ na IPA. Maafisa ustawi wa jamii, AASW. Mafundi huenda Trades Recognition Australia, ambayo kifupi chake ni TRA, na Watanzania msishtuke, haikusanyi kodi. Kazi nyingine nyingi za kitaaluma, kuanzia meneja miradi ya ujenzi hadi mshauri wa kilimo, ziko VETASSESS.

Ubalozi wa Australia ulioko Nairobi hauhusiki na hatua hii, kwa hiyo usipeleke bahasha pale. Maombi hufanywa mtandaoni, moja kwa moja kwa taasisi yako, na ada inalipwa huko huko kwa dola za Australia. Ukikosea taasisi, ada imekwenda.

Sasa naomba mshike jambo moja, kwa sababu mengine yote ninayosema leo yanatoka humo. Anayekutathmini hakujui, hajafika kazini kwako, na hatakuomba umwonyeshe mikono yako, isipokuwa kwa fani chache za ufundi nitakazozitaja. Ana karatasi zako na ana maelezo ya kazi uliyojitaja. Anaviweka sambamba. Kisichoandikwa kwenye karatasi, kwake hakikufanyika. Tumeona watu hodari wakikataliwa na watu wa kawaida wakipita, na mara nyingi tofauti yao ilikuwa kwenye barua ya mwajiri.

Tuanze na hayo maelezo ya kazi. Australia ina orodha ya kazi inayoitwa ANZSCO. Kila kazi ina namba ya tarakimu sita, na chini ya namba kuna maelezo ya majukumu na kiwango cha elimu kinachotakiwa. Mhandisi ujenzi ni 233211. Mhasibu wa jumla ni 221111. Mwalimu wa sekondari ni 241411. Fundi umeme wa jumla ni 341111, fundi magari wa jumla ni 321211. Wauguzi waliosajiliwa wamegawanywa kwa idara wanazofanyia kazi: wa huduma za wazee ni 254412, wa wodi za kawaida ni 254418, na wasioingia kwenye kundi lolote ni 254499.

Namba hiyo ndiyo inayoamua uende taasisi gani, uwe na cheti gani, na mwisho upate viza ipi. Viza ya 189, ile ambayo huhitaji jimbo wala mwajiri akuite, inachukua kazi zilizo kwenye orodha moja tu, ile ya ujuzi wa kimkakati wa muda wa kati na mrefu, inayofupishwa MLTSSL. Viza ya 190 ya kuteuliwa na jimbo, na 491 ya mikoa ya nje ya miji mikubwa, zina orodha pana zaidi. Chukulieni watu wa jikoni katika hoteli za Zanzibar au Mombasa. Mpishi wa ngazi ya chef, namba 351311, yumo kwenye MLTSSL. Mpishi wa kawaida, 351411, hayumo, kwa hiyo 189 kwake imefungwa hata akiwa na pointi za kumwagika, yaani zile viza hizi zinazotoa kwa umri, Kiingereza, elimu na miaka ya kazi. Kinachowatenganisha ni majukumu: nani anapanga menyu, nani anakadiria gharama za vyakula na vibarua, nani anafundisha na kusimamia wapishi wengine. Kama umefanya hayo kwa miaka mitano lakini barua ya hoteli inasema tu kwamba ulikuwa mpishi, ulipika chakula kwa usafi na kwa wakati, barua hiyo imekuweka 351411.

Mfano mwingine ni wa ujenzi. Mtu ana shahada ya uhandisi ujenzi, lakini kwa miaka sita amekuwa meneja miradi kwa mkandarasi: anasimamia ratiba, zabuni, malipo ya mafundi. Akiomba kama mhandisi, anakwenda Engineers Australia na atatakiwa aonyeshe hesabu na usanifu alioufanya yeye. Akiomba kama meneja miradi ya ujenzi, 133111, anakwenda VETASSESS na watapima usimamizi. Njia zote mbili ni halali. Usichague kwa cheo kilichoandikwa kwenye kadi yako. Chapisha maelezo ya namba mbili au tatu zinazokaribiana, keti na kalamu, weka alama kwenye kila jukumu ulilolifanya kweli na unaloweza kulithibitisha kwa karatasi. Namba yenye alama nyingi ndiyo yako. Kisha angalia kama imo kwenye orodha ya viza unayoitaka, kwa sababu orodha hubadilishwa na serikali yao inapotaka.

Baada ya namba, barua ya mwajiri. Hapa nitakaa kidogo.

Barua ambayo ofisi zetu zimezoea kutoa ina mistari minne: fulani alikuwa mwajiriwa wetu kuanzia mwaka huu hadi mwaka huu, alikuwa mwaminifu na mchapakazi, tunamtakia kila la heri. Kwa mtathmini barua hiyo haina kitu. Anayohitaji iwe kwenye karatasi yenye nembo na anwani ya ofisi, iwe na tarehe iliyoandikwa, na itaje siku, mwezi na mwaka ulioanza na ulioacha kazi. Itaje cheo, na kama ulipandishwa, kila cheo na tarehe zake. Itaje saa za kazi kwa wiki, kwa sababu kwenye pointi za viza kazi inahesabiwa kuanzia saa 20 kwa wiki, tena yenye malipo. Kujitolea hakuingii, na mafunzo kwa vitendo ya wakati wa masomo hayaingii. Itaje mshahara. Itaje majukumu matano hadi kumi, kila moja likieleza ulichofanya na kwa vifaa au mbinu gani. Mwisho iwe na jina la aliyesaini, cheo chake, uhusiano wake na wewe kazini, namba ya simu na barua pepe ya ofisi. Barua pepe ya Gmail kwa kampuni yenye wafanyakazi mia mbili inaleta maswali. Muhuri ni mzuri na ofisi zetu zinaupenda, ila muhuri juu ya barua tupu hauijazi.

Majukumu hayo andika mwenyewe rasimu, mpelekee bosi aipitie na kuisahihisha kabla hajasaini. Hilo halina ubaya na maofisa utumishi wengi watashukuru. Ubaya ni kunakili maelezo ya ANZSCO neno kwa neno. Watathmini wanayajua kwa moyo. Na mkiwa wawili kutoka kampuni moja mnaomba kwa wakati mmoja, barua zenu zisifanane aya kwa aya. Hiyo ni dalili wanayoitafuta.

Watumishi wa serikali wana ugumu wao. Cheo kama Afisa TEHAMA Daraja la II hakimwambii Mwaustralia chochote: huenda unaandika programu, huenda unatengeneza printa za halmashauri. Mwalimu wa Tanzania aliyeajiriwa na halmashauri, barua yenye uzito ni ya Mkurugenzi Mtendaji, ambaye ndiye mwajiri. Ya mkuu wa shule iambatane kueleza masomo na madarasa uliyofundisha. Kwa Kenya ni TSC. Barua za ajira, kuthibitishwa kazini na kupandishwa daraja, zote ambatisha.

Mwambieni pia aliyesaini kwamba anaweza kupigiwa simu. Sydney iko mbele yetu kwa saa 7, na kwa saa 8 wakati wa majira yao ya joto. Mtu akipiga saa nane mchana wa huko, hapa ni saa moja au saa kumi na mbili asubuhi. Bosi akiipokea simu akiwa kwenye daladala na kusema hakumbuki, faili lako limeingia shaka.

Barua peke yake haitoshi. Inatakiwa ithibitishwe na fedha: slipu za mshahara, taarifa za benki zinazoonyesha mshahara ukiingia, karatasi za kodi, michango ya hifadhi ya jamii. Mkenya ana P9 ya KRA kwa kila mwaka na taarifa ya NSSF. Mtanzania aombe taarifa ya michango NSSF au PSSSF; ni mojawapo ya karatasi bora kabisa, kwa kuwa inatoka kwa mtu wa tatu na inaonyesha mwajiri na miezi. Shida inakuja kwa waliolipwa taslimu. Taarifa ya M-Pesa inayoonyesha malipo ya kila mwezi kutoka kwa namba ya mwajiri inasaidia kama nyongeza, ingawa haibebi mzigo wote. Aliyejiajiri alete usajili wa BRELA au wa kwao, TIN, leseni ya biashara ya kila mwaka, ankara, risiti za vifaa, mikataba na barua za wateja waliomlipa. Kama una kampuni lakini hukuwahi kuwasilisha ritani ya kodi, miaka hiyo itakuwa ngumu sana kuhesabika.

Na kampuni iliyofungwa? Au bosi aliyekasirika kwa kuwa uliacha kazi? Mtafute msimamizi wako wa zamani, aandike na kuapa mbele ya wakili, na uambatanishe kitu kinachothibitisha kwamba kweli alikuwa msimamizi wako pale. Weka na maelezo yako mafupi ya kwa nini barua rasmi haipatikani. Taasisi nyingi zinakubali hati ya kiapo ikiwa imeshikwa na ushahidi mwingine. Ikija peke yake, huwa haitoshi.

Kuhusu majina, jamani. Pasipoti ina majina matatu, cheti cha kidato cha nne kina mawili, shahada imeandika Mohamed na pasipoti Muhammad, na wanawake wengine wamebadili baada ya ndoa. Kwetu hakuna anayejali. Kwao, watu wawili wenye majina tofauti ni watu wawili mpaka uthibitishe. Tengeneza hati ya kiapo, na inapobidi hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, inayotaja kila umbo la jina na kila cheti lilipo. Fanya hivyo kabla ya kuomba kitu chochote, kwa sababu hati hiyo hiyo itakufuata hadi kwenye viza.

Nyaraka za Kiswahili lazima zitafsiriwe kwa Kiingereza na mtafsiri anayetambulika. Tanzania, BAKITA hufanya kazi hiyo rasmi. Usitafsiri mwenyewe hata kama ni mwalimu wa Kiingereza. Peleka tafsiri pamoja na nakala ya asili. Kwa skani, taasisi nyingi sasa zinataka rangi, kutoka kwenye karatasi halisi, nyuma na mbele. Chache bado zinataka nakala iliyothibitishwa na wakili. Soma mwongozo wa taasisi yako siku unayoomba, usitegemee ule ambao rafiki yako alitumia miaka miwili iliyopita.

Sasa fani moja moja, kwa haraka pale panapowezekana.

Wahandisi. Kama shahada yako imeidhinishwa chini ya Mkataba wa Washington, makubaliano ya nchi kutambuana shahada za uhandisi, njia ni fupi. Afrika Kusini imo tangu 1999. Kama haimo, utaandika ripoti inayoitwa CDR. Ndani yake kuna simulizi tatu za kazi, kila moja maneno 1,000 hadi 2,500, aya zikiwa na namba, pamoja na orodha ya mafunzo uliyojiendeleza nayo na jedwali linalounganisha aya hizo na vipengele vya umahiri. Kwa mhandisi kamili vipengele ni 16. Kila kipengele unaonyesha aya inayokithibitisha. Makosa ya kwetu ni mawili. La kwanza, kusimulia mradi badala ya kujisimulia: barabara ilikuwa ya kilomita 40, mfadhili alikuwa benki fulani, mkandarasi alitoka China. Mtathmini anauliza, wewe ulifanya nini? Ulikokotoa mzigo gani, ulichagua unene gani wa tabaka na kwa nini, ulipokuta udongo mbaya uliamua nini? La pili ni kununua CDR. Zinauzwa mtandaoni, na Engineers Australia wanazipitisha kwenye programu za kugundua unakili. Ukikamatwa unafungiwa kuomba kwa muda. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: tathmini ya msingi inaangalia sifa zako za uhandisi. Ukitaka na miaka yako ya kazi itamkwe kwenye barua, hiyo ni huduma ya ziada yenye ada yake. Ichukue, kwa sababu bila hiyo ofisa wa viza atalazimika kuikadiria miaka hiyo mwenyewe.

Watu wa TEHAMA wajiandae kukatwa miaka. ACS huhesabu kwamba miaka ya mwanzo ya kazi ilikuwa ya kukufikisha kwenye kiwango, na ni kazi ya baada ya tarehe hiyo tu inayoingia kwenye pointi. Shahada yako ikiwa mbali na kazi unayofanya, makato yanakuwa makubwa. Mwenye miaka 8 akikatwa 4 anabaki na 4. Kwenye pointi za kazi ya nje ya Australia, miaka 8 ni pointi 15, na miaka 3 hadi 4 ni pointi 5. Pointi kumi zimeyeyuka, na wengi hugundua hilo baada ya kupanga maisha yao yote kwa hesabu ya kwanza.

Walimu, hapa kuna jiwe kubwa kwa Watanzania. AITSL inataka angalau miaka minne ya masomo ya chuo kikuu, ndani yake ikiwemo angalau mwaka mmoja wa mafunzo ya ualimu. Shahada ya ualimu ya Kenya kwa kawaida ni miaka minne. Shahada nyingi za ualimu Tanzania ni miaka mitatu. Mwaka unaopungua haujazwi na uzoefu wa kufundisha, hata uwe wa miaka kumi na tano. Unajazwa na masomo ya chuo kikuu yaliyokamilika, kama stashahada ya uzamili au shahada ya uzamili. Tena wanataka angalau siku 45 za mazoezi ya kufundisha yaliyosimamiwa, kwa wanafunzi wa umri unaoombea. Transkripti zetu huandika BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, na alama yake, hazitaji siku. Rudi chuoni, omba barua yenye idadi ya siku, shule na madarasa. Inaweza kuchukua miezi, kwa hiyo iwe ya kwanza kuombwa. Kiingereza chao ni cha juu kuliko fani nyingi: IELTS ya kitaaluma, 7 kusoma na kuandika, 8 kusikiliza na kuongea. Kuongea 8 kunawashinda watu wanaofundisha Kiingereza kila siku, kwa hiyo fanya mtihani mapema, ujue uko wapi kabla hujatumia fedha kwingine.

Wauguzi. Mambo yenu yana milango miwili na watu wanaichanganya. ANMAC inatathmini kwa ajili ya viza. Usajili wa kufanya kazi unatolewa na bodi ya wauguzi kupitia AHPRA, mamlaka ya Australia inayosajili watumishi wa afya. Barua ya ANMAC haikuruhusu kushika sindano, na usajili peke yake haukupi pointi za viza. Aliyekwisha kusajiliwa na AHPRA au New Zealand anapata tathmini fupi ya ANMAC. Asiyesajiliwa anapitia ndefu, yenye transkripti za nadharia na saa za wodini. Kwa muuguzi aliyesajiliwa kiwango kinachotafutwa ni shahada. Mwenye stashahada, iwe KRCHN ya Kenya au ya vyuo vya Tanzania, aangalie kwanza kujiendeleza. Usajili kwa waliosoma kwetu mara nyingi unapitia mtihani wa NCLEX-RN, kisha mtihani wa vitendo wa OSCE unaofanyika Adelaide, yaani tiketi ya ndege imo kwenye bajeti. Lakini tangu Aprili 2025 kuna njia ya mkato kwa wauguzi wenye usajili na angalau saa 1,800 za kazi tangu 2017 katika nchi zinazolingana nao, Uingereza na Ireland zikiwemo. Wakenya na Watanzania wenye usajili wa NMC, baraza la wauguzi la Uingereza, na wanaofanya kazi hospitali za Uingereza, huo ni mlango wenu. Msianze upya kwa vyeti vya nyumbani kabla ya kuuangalia.

Wahasibu nitawapitia haraka. Taasisi zenu zinalinganisha masomo: ulisoma uhasibu wa fedha, uhasibu wa menejimenti, sheria za biashara, fedha, na kadhalika? Mkiwa na CPA ya NBAA au ya KASNEB, leteni mitaala ya mitihani pamoja na vyeti. Jina la somo bila maudhui yake halitoshi.

Mafundi, nanyi mnastahili muda, kwa sababu ndio mnaopotezwa zaidi na mawakala. TRA ina programu kadhaa. Ya nje ya Australia, OSAP, inaendeshwa na vyuo vilivyoidhinishwa, kwa kazi na nchi zilizo kwenye orodha. Inaanza na nyaraka, kisha mahojiano ya kiufundi kwa njia ya video, na kwa kazi zenye leseni, kama umeme, mabomba na majokofu, kuna upimaji wa vitendo wa ana kwa ana. Kwa kazi au nchi zisizo kwenye orodha hiyo kuna MSA, ambayo ni ya nyaraka, na inataka mafunzo rasmi yanayolingana na cheti cha Australia pamoja na miaka ya kazi. MSA inataka pia angalau miezi 12 ya kazi ya muda wote yenye malipo ndani ya miaka 3 kabla ya kuomba. Fundi aliyeacha karakana akafungua duka la simu miaka minne iliyopita amekwama hapo.

Cheti cha VETA cha NVA daraja la tatu, au cha NITA, kina thamani ikiwa kina silabasi na saa za mafunzo nyuma yake. Vyeti vya kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini ni vizuri kwa soko la ndani, ila mtathmini atauliza ulipimwa nini, na nani, kwa muda gani. Tunza kila karatasi ya upimaji. Piga picha na video za kazi zako ukionekana mwenyewe, ukiwa na mashine, tarehe na mahali vikijulikana. Kwenye mahojiano ya kiufundi utaulizwa kazi hatua kwa hatua, na utaulizwa usalama: unahakikishaje waya hauna umeme kabla ya kuugusa, unaifungaje swichi kuu mtu mwingine asiiwashe. Mafundi wetu wanajua kutengeneza na wanashindwa kwenye usalama, kwa kuwa hawakuzoea kuusema. Jizoeze kuueleza kwa sauti, kwa Kiingereza. Fundi umeme akifaulu OSAP hapati leseni. Anapata hati ya kiufundi inayomruhusu kuomba leseni ya muda, afanye kazi chini ya usimamizi na kumaliza mafunzo ya mazingira ya Australia.

Kuhusu mawakala. Anayetoa ushauri wa uhamiaji ndani ya Australia kwa malipo lazima awe wakili wa sheria mwenye leseni ya kule au awe amesajiliwa na OMARA, ofisi ya Australia inayosajili mawakala wa uhamiaji, mwenye namba ya MARN ya tarakimu saba unayoweza kuitafuta mtandaoni bure. Walioko huku kwetu hawabanwi na sheria hiyo, ndiyo maana kuna wanaokuahidi barua ya mwajiri ya kutengeneza. Hati ya uongo ikigundulika kwenye viza, kifungu kinachoitwa 4020 kinakufungia miaka mitatu, wewe na familia uliyoomba nayo. Ikiwa ni uongo wa utambulisho, miaka kumi. Na hakuna wakala, hata aliyesajiliwa, anayeweza kukuhakikishia matokeo.

Tufunge na hesabu na tarehe. Tathmini inatakiwa iwe mkononi kabla ya kualikwa kuomba viza, kwa maana hiyo ndiyo inayokuingiza kwenye SkillSelect, mfumo wa mtandaoni ambao waombaji hualikwa kutoka humo. Chukulieni mwalimu asiye na mwenzi, umri 34: pointi 25. Kiingereza cha IELTS isiyopungua 7 kwenye kila kipengele: 10. Shahada: 15. Miaka 6 ya kazi iliyotambuliwa: 10. Kutokuwa na mwenzi: 10. Jumla 70. Jimbo likimteua kwa 190 anaongezwa 5, na kwa 491 anaongezwa 15. Kima cha chini ni 65, ila mialiko hutolewa kwa ushindani, na 65 peke yake mara nyingi husubiri tu. Wenye wenzi wasisahau: mume au mke akiwa na umri chini ya miaka 45, Kiingereza cha kutosha na tathmini yake ya kazi inayokubalika, mnapata pointi 10; akiwa na Kiingereza peke yake, ni 5. Kwa baadhi ya familia tathmini ya pili ni pointi za bei rahisi kuliko kurudia IELTS mara tatu.

Barua ya matokeo ikifika, isome kama mkataba. Angalia namba ya kazi, herufi za jina, na tarehe za ajira walizozikubali. Tarehe hizo ndizo za kujaza kwenye SkillSelect, hata kama wewe unajua ulifanya kazi zaidi. Ukidai pointi ambazo huwezi kuzithibitisha na ukaalikwa kwa hizo, viza hukataliwa na ada yake hairudi. Kama hukubaliani na matokeo, kuna kuomba mapitio kwa muda uliowekwa, na ukiwa na ushahidi mpya taasisi nyingi zitakutaka uombe tathmini upya. Barua kwa kawaida ni halali kwa miaka 3 kwa ajili ya viza, isipokuwa yenyewe ikitaja muda mfupi zaidi. Matokeo ya Kiingereza pia ni miaka 3 kwa viza, lakini taasisi nyingi za tathmini hutaka yasizidi miaka 2. Maombi ndani ya SkillSelect hukaa miaka 2, na ukialikwa una siku 60 za kuwasilisha viza. Katika siku hizo 60 utakuwa unatafuta vyeti vya polisi na vipimo vya afya. Hakutakuwa na nafasi ya kumfuatilia mwajiri wa 2016.

Karibuni kwa maswali. Wauguzi wanaoingia zamu ya usiku waanze.